Mgeni wa Chumba cha Uani

Nikiri mapema, ndugu msomaji, kwamba mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nilifundisha Historia katika shule za sekondari kwa miaka mingi, na nilipostaafu nikafungua chumba kimoja cha steshenari hapa Igunga, kando ya barabara kuu iendayo Nzega. Natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, napanga kadi za michango ya harusi na mihtasari ya vikao vya wakulima wa pamba. Msimu wa mitihani ukifika, walimu huniletea maswali yao niyachape, nami huyatunza kama mtu aliyewekeshwa amana ya yatima. Basi haya nitakayoyasema juu ya mfumo endeshi uitwao Ubuntu, na zaidi juu ya njia niliyotumia kuujaribu, ni maneno ya mtumiaji ambaye kosa lake moja laweza kumlaza njaa.

Kilichonisukuma ni tarehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015 na ambao ndio uliokuwa ukiendesha kompyuta zangu zote mbili. Si kwamba kompyuta zilizima siku hiyo, la hasha. Ziliwaka kama jana yake. Maana ya tarehe ile ni kwamba tundu jipya la usalama likigunduliwa, hakuna fundi atakayekuja kuliziba, ila kwa wale waliojiandikisha katika nyongeza ya muda. Na mrithi wake, Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hudai prosesa za miaka ya karibuni, ambazo kwa upande wa Intel ni kuanzia kizazi cha 8 hivi, pamoja na kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta zangu ni za mtumba, kizazi cha 4. Zinafanya kazi kama punda, lakini mlango huo hazipiti.

Nilikuwa na njia tatu: kununua mpya, kubaki nilipo, au kuhama. Kununua sikuwa na uwezo nako. Kubaki ndiko wengi walikobaki, wala siwalaumu. Lakini kwangu hupita flashi za nusu ya mji, kila moja na virusi vyake, na kwenye diski ile ile yamo maswali ya mtihani wa kidato cha pili. Anayeshika siri za watu halali na mlango usio na komeo. Ikabaki kuhama.

Jina la Ubuntu lilinivuta tangu zamani. Ni neno la Kizulu na Kixhosa, ndugu wa damu wa neno letu utu. Toleo lake la kwanza lilitoka Oktoba 2004, chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa, hadi 2011, walikuwa wakiwatumia watu santuri zake kwa posta bila kudai hata senti. Mwaka 2007 niliagiza moja, ikanifikia katika sanduku la posta la shule, ndani ya bahasha ya karatasi. Sikuithubutu. Kompyuta ya shule ilikuwa moja, na nilijua kwamba kuweka mfumo mpya huenda pamoja na kufuta wa zamani. Santuri ile ikakaa kwenye droo hadi nilipohama nyumba ya walimu.

Hofu hiyo hiyo ya kufuta ndiyo iliyonifikisha, miaka mingi baadaye, kwenye kile wataalamu wanachokiita mashine pepe. Kwa lugha nyepesi ni kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta ya kweli. Unaweka programu, kwangu mimi ilikuwa VirtualBox, nayo huchukua sehemu ya kumbukumbu na sehemu ya diski, halafu hujifanya kuwa kompyuta kamili iliyo tupu. Humo ndani unaweka mfumo mwingine, na mfumo huo haujui kwamba umo ndani ya nyumba ya mtu. Wenyewe wanaotengeneza vitu hivi huuita mfumo wa nje mwenyeji, na ule wa ndani mgeni. Niliposoma hivyo nilitabasamu. Nikasema, hapo sasa tunazungumza lugha moja, kwani Unyamwezini tumepokea wageni tangu misafara ya pwani.

Wazo lenyewe si la jana. IBM ilianza kulifanyia majaribio miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatoa VM/370 kwa ajili ya kompyuta zake kubwa. Wakati ule mashine moja ilikuwa na thamani ya kutisha, hivyo ilikuwa busara kuigawa ili kila mtumishi ajione ana ya kwake. Mwaka 1999 VMware ikalishusha wazo hilo hadi kwenye kompyuta za mezani, na VirtualBox ikatoka mwaka 2007, ikapita mikononi mwa Sun na kisha Oracle. Ziada niliyoiona mimi ni hii: kilichobuniwa kwa jumba la kifahari lenye vyumba vingi, sisi tunakifanya kwenye nyumba ya chumba na sebule.

Kompyuta yangu iliyo bora ina gigabaiti 8 za kumbukumbu. Nikampa mgeni 4. Kabla ya hapo nililazimika kuingia kwenye mipangilio ile ya chini kabisa, inayoonekana kompyuta inapowaka, kufungua uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe. Ulikuwamo, ila ulikuwa umefungwa, na bila kuufungua programu ilinigomea. Faili la Ubuntu 24.04, toleo la Aprili 2024, lilikuwa karibu gigabaiti 6. Nililishusha usiku, kwa bando la usiku, kwa siku mbili.

Anayenisaidia kazi ni mpwa wangu, binti aliyemaliza kidato cha nne, mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu. Tulikaa naye siku ya Jumapili baada ya kufunga. Uwekaji ulikwenda vizuri mpaka ukafika pale ambapo mfumo huuliza kama ufute diski nzima. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, yenye onyo. Mkono wangu ulikataa. Nilikuwa nimeshajieleza mwenyewe mara tatu kwamba diski inayozungumzwa ni ya kuigiza, faili moja tu ndani ya diski yangu, lakini nilikaa nikiitazama kama mtu aliyeambiwa nyoka huyu hana meno.

“Mjomba,” akasema, “si ulisema hii ni ya kuigiza?”

“Ndivyo nilivyosema, mama.”

“Basi bonyeza.”

Nikabonyeza. Hakuna kilichopotea. Na hapa niweke sifa ya kwanza ya mashine pepe, ambayo sitaiondoa hata nikifika kwenye lawama: inakufundisha tendo la hatari bila hatari yenyewe. Waweza kuikosea mara kumi. Tena ina jambo moja zuri sana, nalo ni kuhifadhi hali ya mgeni ilivyo saa hii, ili kesho ukimharibu umrudishe alivyokuwa. Tulimharibu kwa makusudi. Binti alifuta mambo ambayo hayafutwi, mfumo ukakataa kuwaka, tukaurudisha kwa kubofya mara moja. Kama ningekuwa bado darasani, kila mwanafunzi wa kompyuta ningemfundisha hivyo, badala ya kumkataza kugusa.

Siku zilizofuata tukaingia katika uhakiki wenyewe. Tuliomba Kiswahili. Majina ya siku na miezi yakaja yetu, Jumatatu, Januari, safi kabisa. Vitufe na menyu vikabaki Kiingereza kwa sehemu kubwa. Sasa mtu asiseme kwamba Waswahili hawakushughulika. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na katika miaka hiyo hiyo Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows XP na ya Office 2003. Kazi ilifanyika. Lakini tafsiri ya programu ni kama mashine ya kukoboa mpunga: haitoshi kuizindua, yataka matengenezo. Kila toleo jipya huja na maneno mapya, na asipokuwapo mtu wa kuyafuata, baada ya miaka michache Kiswahili hubaki viraka.

Nilichojifunza kwa kumtazama mpwa wangu ni kwamba tunatafsiri kwanza yale yasiyohitajika sana. Neno moja moja la menyu halimsumbui. Anajua la kuhifadhi liko wapi, la kuchapa liko wapi, kwa umbo na kwa mazoea, na ukimbadilishia ghafla yeye ndiye hupotea. Kinachomsumbua ni sentensi nzima: lile onyo la kufuta diski, ule ujumbe kwamba faili halikuhifadhiwa kwa sababu kadha wa kadha, lile swali lenye ndiyo mbili na hapana moja. Hapo ndipo Kiingereza cha kidato cha nne huishiwa pumzi, na hapo ndipo kazi ya mteja hupotea. Laiti ningekuwa na sauti mbele ya watafsiri, ningewaambia waanze na maonyo, menyu zije baadaye.

Halafu ni ile saa. Asubuhi ya Jumanne binti alikuja akaniambia, “Mjomba, hii imejiandika Jumanne kwa Kiswahili, halafu inasema ni saa 8.” Ilikuwa saa 2 asubuhi. Mfumo ulikuwa umejifunza kuita siku kwa Kiswahili lakini ukaendelea kuhesabu kuanzia usiku wa manane, na sikuona mahali popote pa kuuelekeza vinginevyo. Utasema kwamba Windows nayo ni hivyo, na simu pia. Kweli. Ndiyo maana tumezoea kutoa au kuongeza sita bila kufikiri. Lakini saa iliyoandikwa kwa Kiingereza haidai kuwa yangu; hii ilivaa kanzu yangu ikazungumza lugha ya watu.

Kwa wiki mbili hukumu yangu ilikuwa inaelekea kuwa mbaya. Mgeni alikuwa mzito. Kuwaka kwake kulichukua muda wa kumaliza kikombe cha chai. Ukivuta dirisha kwa kipanya, linakufuata kwa mwendo wa mtu anayeburuta gunia. Nikaandika kwenye daftari: haufai mashine za mtumba. Upande mwingine niliandika sifa moja kubwa: mtandao haukunisumbua hata kidogo. Uliwaka, ukaingia, basi.

Mambo yote mawili yalikuwa ya uongo, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Uzito kwanza. Diski yangu ni ya ile aina ya zamani inayozunguka, yenye kichwa cha kusomea. Windows ilikuwa inakihitaji, na Ubuntu, ndani ya faili lake, ilikuwa inakihitaji; wanaume wawili kwenye jembe moja. Kumbukumbu nayo tulikuwa tumeigawa nusu kwa nusu. Isitoshe, kazi ya kuchora picha kwenye kioo haikufanywa na kadi yangu ya kweli moja kwa moja. Nilipomwomba mgeni aniorodheshee vifaa anavyoviona, alitaja kadi ya picha ambayo haimo kabisa katika kompyuta ile. Alikuwa anasema kweli kadiri alivyojua, maana hiyo ndiyo aliyoonyeshwa.

Na mtandao vilevile. Mwenyeji, yaani Windows, ndiye aliyekuwa akiunganishwa kwa simu yangu kupitia kile kijiti cha waifai kinachochomekwa pembeni. Mgeni alipewa waya wa kuigiza tu, akadhani yuko kwenye ofisi yenye mtandao wa waya. Taabu yote ya kijiti aliibeba mwenyeji. Ni sawa na kumsifu mtu kwa upishi ilhali ameletewa sahani mezani.

Haya yote niliyagundua nilipoacha mashine pepe nikaiwasha Ubuntu kutoka kwenye flashi, njia ambayo nayo haifuti kitu lakini huuacha mfumo ushike vifaa vya kweli. Flashi ni nzito kusomwa, kwa hiyo mwanzo ulichelewa. Baada ya hapo dirisha lilifuata kipanya bila kusita. Kompyuta ile ya mtumba ikawa kama imepunguziwa mzigo wa miaka mitano. Tukafurahi, tukatafuta mtandao, hakuna. Kijiti hakikutambuliwa kabisa. Tulihangaika nacho jioni nzima, mpaka binti akachomeka simu kwa waya wa kuchajia na kuiamuru igawe mtandao kwa njia hiyo, ukaingia palepale. Nilichokilaumu hakikuwa na kosa, na nilichokisifu ndicho kilikuwa kigumu.

Hapo akili ya mwalimu wa Historia ilirudi Kwihara, karibu na Tabora, kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho na ambako niliwapeleka wanafunzi zaidi ya mara moja. Msafara mkuu haukupita hapa Igunga. Ulitoka Ugogo ukaingia Unyanyembe kwa kusini yetu. Livingstone alikaa katika tembe lile kuanzia Februari hadi Agosti 1872, miezi mingi akingojea wapagazi ambao Stanley alikuwa ameahidi kumtumia kutoka pwani. Fikiria kiongozi wa msafara aketiye barazani akiwatazama watu wanaotaka kazi. Wote wamekula, wote wamelala, wote wananyanyua mzigo pale uani bila shida. Uani pana kivuli na kisima. Anayefaa atajulikana porini siku ya nne, maji yalipokwisha. Kumjaribu mpagazi uani si upuuzi, maana utamwona kilema na mlevi. Ila ukimaliza hapo ukaandika kitabu kuhusu safari, umedanganya.

Na ndivyo ninavyozilaumu tathmini nyingi za mifumo endeshi nilizozisoma wakati nikijiandaa. Mwandishi huweka mfumo ndani ya mashine pepe siku ya Ijumaa, huangalia rangi za dirisha, hupiga picha za kioo, na Jumatatu hutoa alama. Anapima chumba cha uani. Zaidi ya hayo, mashine yake ina kumbukumbu ya kutosha mifumo mitano, kwa hiyo hata ule uzito ulionipotosha mimi yeye hauoni. Sisemi ni waongo. Nasema hawatuambii walikuwa wameketi wapi, na msomaji wa Igunga au Sikonge mwenye mashine ya mtumba hana njia ya kujua kwamba asilimia kubwa ya alichokisoma ni habari za VirtualBox wala si za Ubuntu.

Mimi nami sina usafi wote. Siku moja nilimkabidhi mgeni printa ili nimjaribu. Printa ikaenda kwake, ikatoweka kwa mwenyeji, na mteja aliyekuwa anangoja barua ya maombi ya kazi, yenye mwisho wa kupokelewa siku ile ile, akasimama mlangoni akitazama basi. Katikati ya hangaiko hilo umeme ukakatika, mwenyeji na mgeni wakaanguka pamoja. Barua ilichapwa kwa jirani. Mteja hakusema neno, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko kama angefoka. Tangu siku hiyo majaribio ni Jumapili tu.

Mwishowe tulihama, kompyuta moja kwanza. Kopi, barua na mihtasari tunaifanya kwa LibreOffice, wala wateja hawajui tofauti, ila mmoja aliyeuliza kwa nini kioo kimebadilika rangi. Kilichogoma ni kadi za harusi. Nina mamia ya kadi nilizozipanga kwa Publisher tangu nifungue duka, na LibreOffice huzifungua, lakini majina ya wanakamati huhamia juu ya picha ya bwana harusi. Nilitumia juma zima kuzirekebisha, nikarekebisha tisa.

Kwa hiyo nimegeuza mambo. Ubuntu sasa ndiyo mwenye nyumba, na Windows 10, kwa leseni niliyoinunulia, imewekwa ndani ya VirtualBox, imekatwa mtandao, haigusi flashi ya mtu yeyote. Nimeipa gigabaiti 3. Ni nzito, kama nilivyotarajia, na safari hii siilaumu. Binti huifungua Ijumaa jioni, hupanga kadi za Jumamosi, hutoa faili la kuchapa, kisha huizima. Jana alikuja mama mmoja kuagiza kadi mia moja na ishirini za mwanawe, akasimama nyuma ya binti akisubiri kioo kiwake.

“Mbona hii kompyuta inachelewa hivi, mwanangu?”

“Si kompyuta, mama. Tunamwamsha mgeni.”

Mama yule akanigeukia mimi, akanisalimu upya kwa Kinyamwezi, akauliza ni mgeni gani huyo aliyelala dukani.